Mama Mkwe na Mtihani wa Ngazi

Kwenye boti yetu hakuna mgeni anayegusa kifaa cha kuchezea majini kabla hajafanya mambo mawili. Kwanza aweke sahihi kwenye karatasi. Pili avae jaketi la kuelea, aruke majini mbele ya macho yangu, kisha arudi juu kwa ngazi ya nyuma bila kushikwa mkono na mtu.

Karatasi ni ya mwenye boti, yeye na wakili wake na watu wao wa bima. Ngazi ni yangu. Hiyo niliianzisha mwenyewe na sikumwomba mtu ruhusa. Watu wanafikiri hatari ya majini ni kuanguka. Kuanguka kuna nini? Unaanguka, unatema maji, unacheka. Kazi iko kwenye kurudi. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana wakining'inia kwenye ngazi ile kama nguo zilizosahaulika kambani, miguu inatafuta kidato, macho yamewatoka. Mtu wa namna hiyo ukimpa pikipiki ya maji aende nayo mbali, balaa umejitafutia mwenyewe.

Ndiyo maana wenzangu wananiita Madamu Sahihi. Zamani walinisema kwa kisogo, siku hizi wananiita hivyo usoni na mimi naitika. Niliwahi kumnyima pikipiki mheshimiwa mmoja aliyekuja na walinzi wake. Akafoka, akatoa simu, akasema atampigia sijui nani. Nikamwambia apige tu, akimaliza ngazi iko pale. Mlinzi wake mmoja aligeukia pembeni akajifanya anakohoa.

Boti yenyewe ni ya kukodi, nyeupe, ya ghorofa tatu, ina makochi ambayo sisi wafanyakazi haturuhusiwi kuyakalia. Lakini usidanganyike, hakuna anayeikodi kwa ajili ya makochi. Watu wanafuata vilivyomo kwenye stoo ya nyuma: pikipiki mbili za maji, lile puto refu la kukokotwa tunaloliita ndizi, mtelezo wa kujaza upepo unaoshuka toka ghorofa ya juu mpaka majini, na mbao za kusimamia ukipiga kasia. Stoo hiyo ni himaya yangu, funguo zake nazivaa shingoni. Wageni wanakuja, wanajilaza, nawaletea karatasi, wanasaini huku glasi iko mkono wa pili. Hakuna anayesoma. Wanasaini kama wanapokea kifurushi cha jirani.

Haya, sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Msimu ukikaribia kuisha, mwenye boti humpa kila mfanyakazi siku yake ya kuleta ndugu zake wakastarehe bure. Ni tajiri mwenye mkono wa birika kwa mambo mengine yote, lakini hilo analifanya, na ndilo linalotufanya tusihamie kwa wengine. Sharti ni moja: siku ya ndugu kanuni ni zilezile, kwa sababu watu wa bima hawajui huyu ni mama wa nani na yule ni binamu wa nani. Safari hii ilikuwa zamu ya Fundi.

Fundi ndiye mwenye injini zetu, na ndiye mchumba wangu. Ni mtu mtaratibu, mikono yake haikosei, injini ikikohoa kidogo tu yeye ameshaamka. Ila akisimama mbele ya mama yake anarudi darasa la pili. Mama huyo ni mwalimu mkuu mstaafu, na watu wote wanamwita Mwalimu, mwanawe akiwemo. Nilishakwenda kumsalimia nyumbani kwake, na gauni langu la heshima na sauti yangu ya kuazima. Alinipokea vizuri, akanilisha nikashiba, lakini neno hakutoa. Alimwambia mwanawe kwamba sebuleni kwake kila mchumba ni malaika. Yeye anataka kuniona nikiwa kazini, hapo ndipo atasema ndiyo au hapana.

Na Fundi hawezi kuoa bila ndiyo ya mama yake. Hajakatazwa, hawezi tu. Mimi nami, niseme ukweli, sikutaka kuingia kwenye ukoo ambao mwenye mlango hajanifungulia. Nampenda yule mwanaume mpaka najichukia. Kwa hiyo wengine siku ile walikuwa wanakwenda matembezini, mimi nilikuwa nakwenda kupewa jibu langu.

Asubuhi Fundi aliniita chumba cha injini, akaanza kunibembeleza. Mama yake alikuwa anakuja kwa jambo moja tu, kuendesha pikipiki ya maji. Marehemu mumewe alikuwa na pikipiki, ya barabarani, na miaka yote ya ndoa yao alimpakia nyuma. Hakumruhusu kushika usukani hata ikiwa imezimwa. Sasa Mwalimu alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba Jumamosi anaendesha mwenyewe. Basi Fundi akaomba nimruke mama kwenye karatasi, na hasa kwenye ngazi. Mtu mzima yule, mwalimu mkuu, umwambie ajitupe majini mbele za watu halafu ahangaike kwenye ngazi? Nikamuuliza kama anadhani maji yatamwamkia shikamoo. Akaanza kufuta spana iliyokuwa safi tayari.

Walifika wawili, Mwalimu na wifi yake, yaani shangazi wa Fundi. Mwalimu alikuja na kofia pana, mkoba mweusi na miwani yenye mnyororo. Alivua viatu kabla ya kuambiwa, akavipanga ukutani, visigino sambamba. Nikainama nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba, akanitazama toka kofia mpaka raba, na katikati ya kofia na raba kulikuwa na kaptula. Ndiyo sare yetu, ningefanyaje. Kaptula mbele ya mama mkwe, hilo peke yake lilishanikosesha usingizi.

Shangazi ni mtu wa namna nyingine kabisa, anacheka kabla mzaha haujafika. Alisaini karatasi wakati mimi bado naieleza, akauliza ndizi iko wapi.

Mwalimu alivaa miwani akasoma. Jamani, alisoma. Tangu niajiriwe sijawahi kumwona mgeni akiisoma karatasi ile mpaka mwisho. Mimi mwenyewe niliisoma siku ya kwanza tu, na katikati niliruka. Aligeuza ukurasa, akarudi nyuma, akaweka kidole mahali. Shangazi akamwambia asaini basi, jua linapanda. Mwalimu akaniinulia macho.

"Hapa pameandikwa kwamba nikiumia au nikifa, si juu yenu," alisema. "Ni juu ya nani?"

Nikampa jibu ninalowapa wageni wote, pamoja na tabasamu lake.

"Ni utaratibu tu, mama."

Ningejua ningeuma ulimi. Mwalimu alivua miwani, akaniambia taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na ukumbi mzima, kwamba miaka yote ya kazi yake amepeleka watoto wa watu kwenye safari za shule. Wazazi walisaini karatasi kama hii hii. Karatasi zilikaa ofisini. Lakini hakuna mzazi hata mmoja ambaye yeye, Mwalimu, alimwambia mtoto wako si juu yangu. Na leo msichana anayetaka kuwa binti yake anampa kalamu aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba akizama, msichana anakung'uta mikono anaendelea na shughuli zake. Akaifunika kalamu, akairudisha mezani. Hatasaini.

Sasa ungekuwa wewe ungesema nini? Nilitaka kumwambia karatasi ile hakuiandika yeyote kati yetu. Lakini nilijua ana haki. Alichosoma ndicho kilichoandikwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimekishika mkononi, nimevaa kaptula, natabasamu. Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia kwa adabu zangu zote kwamba bila sahihi na bila ngazi sitaweza kumpa pikipiki. Akasema sawa. Akaenda kukaa kwenye kochi la nyuma, mkoba mapajani, akaangalia maji. Afadhali angefoka. Watu wanaofoka nawaweza.

Nikamgeukia Shangazi, kazi ni kazi. Shangazi ni mtu wa mwili, na aliporuka boti nzima ilipata habari. Alipoibuka alikuwa anacheka, na mtu anayecheka hapandi ngazi. Kila akiweka mguu kwenye kidato kicheko kinamrudisha majini. Nikamwambia akinuna kidogo atafika. Akajaribu kununa, akashindwa, akacheka upya. Mwishowe alipanda kwa mkupuo mmoja akanilalia miguuni, akaniuliza kama amefaulu. Nikamwambia amefaulu, nikampandisha kwenye ndizi, na nahodha akamkokota kwa boti ya mpira huku akipiga vigelegele mpaka watu wa ufukweni wakasimama kuangalia. Yalikuwa mambo ya kuvunja mbavu, siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo kila nikicheka nageuka kumwangalia Mwalimu, na Mwalimu alikuwa amekaa vilevile.

Fundi akanifuata stoo. Tukagombana kwa kunong'ona, na ugomvi wa kunong'ona ndio mbaya zaidi, maneno hayapungui makali na huwezi kupiga mlango. Alisema namwaibisha mama yake mbele ya wifi yake. Nikasema bora aibu kuliko tanzia. Alisema kuna wakati mtu anatumia busara. Nikasema yeye anachokiita busara mimi nakijua kwa jina lingine, ni woga. Hapo nilizidisha, nikaona uso wake ulivyoanguka. Nahodha, ambaye ni mtu wa maneno machache, alichungulia akasema stoo ni yangu na uamuzi ni wangu, lakini akimwona mgeni hata mmoja majini bila mtihani, funguo za stoo atazihamishia shingo nyingine. Kisha akarudi juu.

Haikupita muda, Shangazi akakwama. Alikuwa amepanda juu kabisa ya mtelezo, akakaa, akaangalia chini, kicheko kikaisha. Alishika kingo mbili akagoma kwenda mbele na akagoma kurudi nyuma. Nikapanda ghorofa ya juu kumbembeleza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemshawishi aachie mkono mmoja, nikasikia injini.

Nikaangalia chini. Mwalimu alikuwa juu ya pikipiki ya maji, amekaa wima, kofia ameiacha, anaondoka kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Shangazi naye alimwona. Akaachia mikono yote miwili kwa mshangao, akashuka mtelezo mzima huku akilitaja jina la marehemu kaka yake.

Nilishuka ngazi sijui kwa miguu mingapi. Fundi alikuwa amesimama kwenye jukwaa la nyuma anatabasamu. Yeye ana funguo zake za matengenezo, fundi gani asiye na funguo, na hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Akaanza kujitetea kabla sijauliza. Jaketi amemfunga mwenyewe. Kamba ya kuzimia injini ameifunga kwenye mkono wa mama, akidondoka injini inakufa papo hapo. Mafuta yapo, betri nzima, amekagua kila kitu. Na alikuwa amekagua kweli. Huyo ndiye Fundi. Aliikagua mashine yote, aliyepanda juu yake hakumkagua.

"Umemwambia asiachie resi kwenye kona?" nikamuuliza.

Tabasamu likamtoka.

Pikipiki ya maji inageuzwa na maji inayoyatema kwa nyuma. Ukiachia resi, yaani kile cha kuongezea mwendo, maji hayatoki, na usukani unabaki pambo, kata kushoto kata kulia, chombo kinakwenda mbele tu. Na mtu makini akifika kwenye kona anafanya nini? Anapunguza mwendo. Akili yote aliyojaliwa inamwambia apunguze. Ndiyo maana mgeni akishapanda ngazi, hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia, na namwambia mpaka anirudishie kwa mdomo wake.

Mwalimu ni mtu makini. Alifika mbali alikotaka kufika, akageuza usukani, akaachia resi. Pikipiki ikaendelea mbele. Yeye alikuwa ameshaegemea upande wa kona, akaingia majini.

Injini ilikufa, jaketi likamtoa juu, akatema maji. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Nikamwona anashika kiti kwa nyuma, anajivuta, anateleza. Akajivuta tena, akateleza tena. Mara ya tatu pikipiki ilimlalia upande, akapotea nyuma yake, akaibuka, na safari hii hakujaribu tena, alishika tu. Na maji yalikuwa yanamsogeza polepole kuelekea njia wanayopita wenye meli za mizigo. Meli zile hata zikikuona hazisimami leo.

Niliruka kwenye boti ya mpira. Fundi alitaka kuruka na mimi, nikamwambia akae hapo hapo alipo na asiguse kitu chochote kinachoelea. Sitakuficha, niliogopa. Nilikuwa nazungumza na Mungu kwa sauti. Nilimwambia ndoa basi, achukue, mradi huyu mama anipe akiwa mzima.

Nikazima injini kabla sijamfikia, nikaruka na raba zangu. Mwalimu alikuwa anahema, midomo imepauka, macho mekundu kwa chumvi. Nikamshika jaketi kwa mabega. Na unajua maneno yake ya kwanza yalikuwa nini?

"Sikusaini," alisema.

"Najua hukusaini, mama."

"Basi hii ni juu ya nani?"

Katikati ya maji. Anatetemeka, hana pumzi, bado anadai jibu la swali lake. Woga wote niliokuwa nao uligeuka hasira, na hasira haikujua kama huyu ni mama mkwe.

"Ni juu yangu," nikamfokea. "Ungesaini ingekuwa juu yangu, hukusaini, ni juu yangu vilevile. Karatasi ni ya mwenye boti. Aliyekuja kukutoa ni mimi. Sasa geuka, nipe mgongo, na uache kunibishia."

Akageuka. Sijui nani alishangaa zaidi, yeye au mimi. Nikapanda kwenye boti ya mpira, nikamshika mabegani kwa nyuma, nikamzamisha kidogo ili maji yenyewe yamrushe juu, kisha nikavuta. Aliingia na kuniangukia mapajani, tukabaki tumelala sakafuni kwenye dimbwi letu, tukiangalia mawingu. Nikamwomba radhi kwa kumfokea. Alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika, nikaendesha kwa mkono mmoja njia nzima, pikipiki tukiikokota nyuma kwa kamba.

Tulipofika nikamvaa Fundi. Nilisema mengi, na mengine sitayarudia hapa. Nilimwambia sijui kama nataka kuolewa na mtu anayeweza kumkabidhi mama yake funguo kwa sababu hawezi kumkabidhi neno hapana. Nahodha alimnyang'anya zile funguo za matengenezo, akamwambia tukio ataliandika kama lilivyo, na mpaka msimu uishe mguu wake usikanyage jukwaa la nyuma. Fundi hakubisha. Alisema tu kwamba alitaka mama afurahi.

Mwalimu alikuwa kwenye kochi, amefunikwa mataulo, chai ya sukari nyingi mkononi, Shangazi anamsugua mgongo kama anafua. Akamwambia mwanawe akae. Makochi yalikuwepo, Fundi akakaa chini sakafuni.

"Wewe uliogopa uso wangu," Mwalimu alimwambia. "Mwenzako ameogopa maji."

Akanywa chai yake. Fundi aliinama. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa, akaniomba msamaha mimi kwanza, halafu mama yake, kwa mpangilio huo, na niliuona mpangilio huo. Nikamwambia tutazungumza. Hasira yangu bado ilikuwa inachemka, ila sufuria nilishalitoa motoni.

Kisha Mwalimu akaagiza karatasi. Nikasema haina haja, siku imekwisha, apumzike. Akasema mtu hakuja mpaka huku kupakatwa kwenye boti ya mpira. Akavaa miwani, akasaini kwa ule mwandiko wao wa ubaoni ambao hata mtu wa dawati la mwisho anausoma. Halafu akanigeuzia karatasi, akanipa kalamu.

"Na wewe. Hapo chini."

Hapo chini hapakuwa na nafasi yoyote ya mtu wa pili. Wakili hakuwa ameiwaza. Nikasaini kwenye ukingo, pembeni ya jina lake. Nahodha alichungulia begani kwangu, akasema wakili akiiona hii atazimia. Nikamwambia azimie tu, si ana bima.

Mwalimu akaenda kwenye jukwaa, akaziba pua kwa vidole viwili, akaruka. Hakuna aliyecheka, hata Shangazi. Mara ya kwanza alifika kidato cha katikati, mikono ikamchoka, akarudi majini. Shangazi akanyoosha mkono, akafukuzwa nao. Akapumua, akashika tena, na safari hii nikamwona anafanya jambo ambalo wengi mpaka niwafundishe, alitafuta kidato kwa mguu kwanza ndipo akavuta kwa mkono. Akatokea juu, maji yanamchuruzika, akasimama wima mbele yangu akisubiri matokeo. Nikamwambia amefaulu. Nikamweleza habari ya resi na kona, akanirudishia neno kwa neno, akanisahihisha mahali nilipoeleza ovyo.

Nikamletea pikipiki jukwaani. Akapanda mbele, akashika usukani, akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Panda."

Nikapanda nyuma yake. Nikangoja aondoke. Haondoki. Amegeuza shingo ananiangalia kifuani kupitia miwani iliyojaa matone. Nikaangalia nami. Mimi, Madamu Sahihi, niliyemnyima mheshimiwa na walinzi wake, jaketi langu lilikuwa wazi toka juu mpaka chini. Kwa pilika zote zile nilikuwa nimelitundika tu mabegani.

"Funga hilo jaketi," Mwalimu alisema. "Ukidondoka ni juu yangu."

Shangazi alipiga kigelegele kule juu. Fundi, aliyekuwa anachungulia kwenye dirisha la chumba chake cha injini, alijifunika uso kwa tambara lake la grisi. Nikaanza kufunga vifungo, na vifungo ambavyo nafunga kila siku ya Mungu viligoma kuingia, maana machozi yalikuwa yananizuia kuona. Mwalimu alisubiri. Aliposikia cha mwisho kimebana, ndipo akawasha injini.

Nikamshika kiunoni, nikamwambia mama, niko tayari. Tukaondoka, na kwenye kona hakuachia resi.